Kipima usafi au kipima chumvi?

SWALI: Natafsiri maelekezo ya mtambo wa melini unaokeneka maji ya bahari, yaani unaoyachemsha na kuupoza mvuke wake uwe maji yasiyo na chumvi. Kifaa cha kukagua maji yanayotoka nimekiita "kipima usafi wa maji". Mwenzangu anashikilia "kipima chumvi". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako, na tafadhali badilisha kabla maelekezo hayajafika kwa mabaharia.

Kifaa hicho hakioni uchafu. Elektrodi zake hupitisha umeme ndani ya maji. Kadiri chumvi inavyozidi, ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi, nacho huonyesha sehemu za chumvi kwa kila sehemu milioni za maji. Maji ya bahari yana takriban 35,000; yaliyokenekwa vizuri huwa chini ya 10. Kiwango kilichowekwa kikivukwa, kengele hulia na vali huyageuza maji yasiingie tangini. Bakteria wala mafuta kifaa hakiyajui. Tena maji huchemshwa katika ombwe, yaani chombo kilichoondolewa hewa, kwa nyuzi 40 hadi 60 hivi za Selsiasi, joto lisilotosha kuua vijidudu. Anayesoma "usafi: 4" atakunywa bila wasiwasi. Anayesoma "chumvi: 4" atajua kwamba klorini bado inahitajika. Tunaposema "maji safi na salama", lile "salama" si pambo.

"Maji baridi" nayo ni Kiswahili sahihi kwa maji yasiyo na chumvi, ndiyo maana tuna samaki wa maji baridi. Lakini katika chumba cha injini, penye maji ya kupoza kila upande, msomaji atafikiria joto. Andika "maji yasiyo na chumvi", ingawa ni marefu.

Katika sehemu ya hitilafu, usiandike "mvuke wa chumvi". Chumvi haigeuki mvuke hapo. Hubebwa na matone madogo, hasa maji yakichemka kwa fujo, yakijaa kupita kiasi ndani ya mtambo, au wavu wa kunasa matone ukitoboka. Kondensa, yaani sehemu inayopoza mvuke kwa maji ya bahari, ikivuja, maji hayo huingia moja kwa moja. "Matone yenye chumvi" humwelekeza fundi kwenye wavu. "Kuvuja" humpeleka kwenye kondensa. Ukiyachanganya, atafungua pasipohusika.

Umefanya vema kutumia "kukeneka" badala ya "kuchuja", maana chujio la kawaida halitoi chumvi iliyoyeyuka. Angalia tu mnyambuliko: neno linafanana na "vunjika", lakini ni kitenzi elekezi. Mtambo hukeneka maji, maji hukenekwa. Kwa hiyo "maji yamekenekwa", si "yamekeneka".