Maswali ya kongosho: majani ya mstafeli, vimeng'enya na macho ya njano

Hamjambo wasomaji wangu wa Tanga na mlio mbali. Meseji zimejaa, na nyingi ni za kongosho, kile kiungo cha nyuma ya tumbo kinachosaidia kusaga chakula, tena zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimechagua zile ambazo nikimjibu mmoja nakuwa nimewajibu kumi. Mnaonijua mnajua mi ni nesi mstaafu, wodini nimekaa miaka, hapa simwandikii mtu dawa, nawaambia ninachokijua na pa kwenda.

Mama nesi, kongosho langu limechafuka, nilisafishe na nini? (wasomaji sita, Makorora mpaka Pangani)

Kongosho halisafishwi. Hamna dawa hiyo hospitali, hamna kwa mganga, na anayekuuzia anachukua hela yako bure. Hili nimelijibu kabla ya Ramadhani nikalijibu tena baada ya Idi, tafadhali muwe mnasoma kabla ya kutuma.

Shikamoo mama. Baba ana miaka 61, macho yamekuwa ya njano wiki ya tatu sasa, mkojo kama chai ya rangi, usiku kucha anajikuna, ila hana homa wala haumwi popote. Jirani kasema ni homa ya manjano, tunampa mwarobaini na maji ya miwa. Tuendelee mpaka lini? (Duga)

Marahaba mwanangu. Msiendelee hata kesho, mpeleke hospitali ya Bombo asubuhi.

Kwanza hilo jina linatuponza. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu, na mtu anaumwa homa kweli kweli. Baba yako hana homa. Macho ya njano, mkojo mweusi na mwili kuwasha maana yake nyongo haipiti, inarudi kwenye damu. Mrija wa nyongo kabla haujaingia kwenye utumbo unapita kwenye kichwa cha kongosho, kikiota uvimbe hapo mrija unabanwa. Muulize na choo chake, kama kimekuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi basi ndo hivo, nyongo haifiki chini. Inaweza kuwa jiwe, inaweza kuwa ini, sijasema ni saratani, ila mtu aliyevuka miaka 50 akawa wa njano bila maumivu anatakiwa apigwe altrasaundi wiki hiyohiyo, na wakiona mrija umevimba wampe rufaa ya siti skani, asirudishwe nyumbani na vidonge vya kujikuna.

Na huku kwetu kitu kisichouma hatukipeleki hospitali, ndo kinachonisumbua moyo. Mama yangu mdogo alianza hivohivo. Alikuwa anajikuna mgongo na gunzi la muhindi mpaka kanga inabaki na madoa ya damu, na pembeni ya kitanda kuna dumu la lita tano la majani yaliyochemshwa, kila Ijumaa linajazwa upya. Waliomuuzia walimwambia njano ikizidi ndo sumu inatoka, usiogope bibie. Miezi minne. Mi nilikuwa kazini mkoa mwingine naambiwa kwenye simu anaendelea vizuri. Tulipomfikisha kwenye skani uvimbe umeshaukumbatia mshipa mkubwa wa damu na ini lina madoa, daktari wa upasuaji akasema hapa kisu hakina kazi.

Siwezi kusema angepona, saratani hii ya kongosho ni ngumu hata ukiiwahi. Lakini kati ya wagonjwa 100 wanaogundulika ni kama 15 mpaka 20 tu ambao bado wanafaa kupasuliwa, na wengi wa hao ni wale ambao uvimbe uliwakaa kichwani mwa kongosho ukaziba nyongo mapema, wakawa wa njano, wakawahi. Ile njano ilikuwa taarifa. Mama mdogo taarifa aliletewa, sisi tukaichemshia majani.

Nimetumiwa video kwamba majani ya mstafeli yana nguvu mara 10,000 kuliko kemo, zile dawa kali za saratani za hospitali. Ni kweli? (Muheza)

Sio kweli. Hiyo namba imetokana na majaribio ya maabara, seli zimewekwa kwenye kisahani zikamwagiwa dawa iliyokamuliwa kwenye mmea, na kwenye kisahani hata jiki inaua saratani. Hamna utafiti kwa binadamu ulioonyesha stafeli linaponyesha saratani ya kongosho. Halafu kuna upande ambao wauzaji hawausemi: kule visiwa vya Guadeloupe, bahari ya Karibi, madaktari waliona watu wengi wana ugonjwa unaofanana na Parkinson, mwili kukakamaa na kupoteza mizani, na dawa za kawaida haziwasaidii, wakafuatilia wakakuta wengi ni walaji wakubwa wa stafeli na wanywaji wa chai ya majani yake. Ndani yake mna sumu ya mishipa ya fahamu inaitwa anonasini. Tunda lenyewe kula kwa raha zako msimu ukifika, nachokataa ni kumnywesha mgonjwa majani kikombe kutwa mara tatu miezi.

Mwaka 2011 tuliona nchi nzima inapanga foleni Samunge kwa Babu wa Loliondo, kikombe cha dawa shilingi 500, watu wakaacha vidonge vyao vya virusi vya ukimwi na vya kisukari nyumbani. Tusirudie.

Mbona Marekani kwenyewe wanatibu kwa vimeng'enya (vile vya kusaga chakula), juisi na enema ya kahawa (kahawa inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa), hizo ndo tiba za mtu mzima mzima, nyie mnang'ang'ania kemo tu? (Raskazone)

Umenichokoza pazuri. Huyo unayemsema ni daktari Nicholas Gonzalez wa New York, na tiba yake ilipimwa kwa haki: wagonjwa 55 wa saratani ya kongosho isiyopasulika, wenyewe wakachagua, 32 wakaenda kwenye vimeng'enya na enema za kahawa, 23 wakaenda kwenye kemo. Majibu yalitoka kwenye jarida la madaktari wa saratani. Wa kemo nusu yao waliishi miezi 14 na zaidi, wa vimeng'enya na kahawa nusu yao hawakufika miezi mitano, ilikuwa miezi 4.3. Na katika muda huo huo, wale wa kemo ndo walikuwa na hali nzuri zaidi, maumivu kidogo. Kwa hiyo usiniambie haijajaribiwa, imejaribiwa.

Mi sipingi kumtibu mtu mzima mzima, tena ndo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Ila kumtibu mtu mzima mzima ni kumpa kemo kama anaiweza, ale, asiumwe, alale, choo kipite, sheikh au padri wake aje, watoto wakae naye. Tangawizi kwa kichefuchefu, mpe. Manjano ya kwenye pilau, weka. Lakini dawa za mitishamba za kopo muonyeshe daktari kabla, maana nyingine zinagombana na kemo na ini la huyu mtu limeshachoka.

Sasa hivo vimeng'enya hospitali mbona navyo wanaandika? Na tumesikia vinatokana na nguruwe. (Ngamiani, barabara ya 12)

Swali zuri sana, asante. Hivyo ni vingine kwa matumizi. Kongosho likiharibika au likikatwa halitoi tena maji ya kusaga mafuta, chakula kinapita kama kilivyo, choo kinaelea, kina mafuta, kinanuka vibaya na ukimwaga maji hakiendi. Mgonjwa anakula na anazidi kukonda, familia inasema saratani inamla, kumbe mengine ni njaa. Vidonge vya vimeng'enya havitibu saratani, vinamsagia chakula. Vinamezwa na tonge la kwanza, mlo ukiwa mrefu na katikati, sio baada ya kula, na sio kwa chai ya moto maana joto linaviua. Juu vimeandikwa namba za nguvu yake, kama 10,000 au 25,000, daktari ndo atasema vingapi, na mlo wenye nazi na samaki wa kukaanga unataka vingi kuliko uji.

Ndiyo, vinatokana na kongosho la nguruwe na nakwambia wazi kwa sababu una haki ya kujua. Hamna vya aina nyingine vinavyofanya kazi hiyo sawasawa. Kaongee na sheikh wako, dharura ina mlango wake katika fiqhi na wanazuoni wengi wameruhusu, usimwache mzee akonde kwa aibu ya kuuliza.

Sukari inalisha saratani, tumemkatia mama wanga wote. (Sahare)

Mrudishieni leo. Anayekufa njaa hapigani na kitu. Kidogo kidogo mara sita kwa siku: uji wa karanga, mtindi, ndizi, mchuzi wa samaki. Kama ana kisukari dawa yake irekebishwe, asinyimwe chakula.

Nina miaka 57, nimegundulika kisukari mwaka huu na nimepungua kilo tisa bila kujitahidi. (Korogwe)

Kisukari kipya ukubwani kikija na kukonda namna hiyo, mwambie daktari wako neno kongosho kwa mdomo wako. Mara nyingi haitakuwa saratani. Apime hata hivyo.

Kisu kikigusa saratani inasambaa? (wengi)

Hapana. Inakuwa imeshasambaa, kisu ndo kinaikuta.

Steve Jobs alikuwa na hela zote zile na kongosho likamuua, sisi tutaweza? (Chumbageni)

Yake ilikuwa aina nyingine, ya chembe zinazotengeneza homoni, inakwenda taratibu kuliko hii ya kawaida. Iligundulika Oktoba 2003, akajaribu lishe na tiba mbadala, akapasuliwa Julai 2004, akafariki Oktoba 2011. Kama ile miezi tisa ndo iliyomponza hamna anayeweza kuapa. Ila aliyekuwa na uvimbe wa aina ya taratibu alikuwa na miezi ya kuchezea, yule baba wa Duga hana.

Sigara mbili kwa siku zina shida? (kijana, Mabanda ya Papa)

Zina shida. Acha.

Mama, baba yetu wameshasema haipasuliki, ameandikiwa mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, kaka mkubwa kaificha kwa sababu baba atakuwa teja na itamuua haraka. Usiku anainama mbele kakumbatia mto mpaka alfajiri. (Mkinga)

Mwanangu, itoe hiyo chupa. Kule kuinama na mto ndo maumivu yenyewe ya kongosho, limelala nyuma ya tumbo karibu na uti wa mgongo, uvimbe unagusa mishipa ya fahamu, akilala chali inazidi. Anayetumia mofini kwa maumivu ya saratani kwa kipimo alichoandikiwa hawi teja, na kipimo hicho hakimharakishi. Kinachomchosha ni kutolala. Mwambie kaka nimemsikia, anaogopa kumpoteza baba, sio ukatili.

Inatolewa kila baada ya masaa manne, saa ikifika mnampa, hamsubiri aombe. Andikeni kwenye karatasi ya daftari saa na kipimo, ibandikeni ukutani, aliye zamu anatia alama. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, mara nyingi ni usingizi alioukosa, lakini mkimwamsha haamki vizuri au anapumua kwa mbali, msimuongeze, wapigieni walioandika. Ikiwa haitoshi pia rudini, kuna sindano ya kuzima mishipa ile ya nyuma ya tumbo kwenye hospitali kubwa, na watu wa tiba shufaa, yaani wa kumpunguzia mgonjwa mateso, pale hospitali Teule ya Muheza kazi hii wanaifanya miaka mingi, hamtakuwa wageni kwao. Na dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini, msingoje afunge.