Barua kwa Mwanangu: Nani Atafunga Mlango?

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Kisumu hatujambo, ila baba yako bado anakohoa jioni na hataki kuambiwa aingie ndani. Kurasa za hadithi yako zilinifikia salama, nami nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi kama nilivyokuwa nikifanya uliponiletea insha za shuleni. Umeniuliza mambo mawili: kama msomaji wa huku kwetu ataamini kwamba mnyonyadamu na mtu-mbwamwitu wanaweza kuoana bila mapenzi, kwa kufaana tu; na kama ni lazima, wafikapo ukurasa wa mwisho, wawe wamependana. Nitajibu yote mawili, ingawa jibu la pili nililipata barazani nikiutazama mwezi, na litachukua nafasi.

La kwanza ataliamini upesi kuliko unavyodhani, mradi uondoe ule uadui wa kale ambao umeutengea kurasa nne nzima. Uadui huo si wa kale hata kidogo; ni mapambo ya sinema na riwaya za juzi. Katika nchi za Balkan, ambako sehemu kubwa ya habari hizi ilitoka, Waserbia walikuwa na neno vukodlak, ambalo ukilichambua linahusu mbwamwitu na manyoya yake, nao walilitumia pia kumtaja maiti anayetoka kaburini usiku kuwasumbua walio hai; Wagiriki walilichukua wakalitamka vrykolakas, na kwao likawa na maana hiyo ya maiti asiyetulia. Hata katika Dracula, riwaya ya Bram Stoker iliyotoka mwaka 1897, yule bwana wa ngome huwaamuru mbwamwitu, na anapofika pwani ya Uingereza huruka kutoka melini akiwa na umbo la mbwa mkubwa. Wawili hao, basi, ni watu wa boma moja waliogombanishwa na watengenezaji wa filamu. Kwa sisi Waluhya jambo hilo lingeleta shida nyingine kabisa, kwa kuwa mtu haoi katika ukoo wake, lakini hiyo waachie wazee wa hadithi yako.

Kilichonitatiza zaidi ni sababu ya ndoa yenyewe. Umeandika kwamba wanaoana ili koo mbili zipatane kuhusu shamba. Hayo ni masilahi ya wazee. Ndoa ya kufaana ni ile ambayo kila mmoja ana pengo ambalo mwenzake anaweza kuliziba, na wote wawili wanaijua bei. Mimi na baba yako, kama ujuavyo, hatukuoana kwa barua za mapenzi. Yeye alikuwa kifungua mimba, na wadogo zake wawili walikuwa wamekaa wakimsubiri, kwa kuwa kwa Wajaluo mdogo hamtangulii mkubwa katika kuoa wala kujenga. Mimi nilikuwa muuguzi mgeni mjini, na nyumba za wafanyakazi pale nilipokuwa zilitolewa kwa wenye familia. Tuliketi katika hoteli ndogo karibu na soko la Kibuye, tukaagiza chai na mandazi, na kabla chai haijapoa tulikuwa tumekubaliana. Baba yako aliniuliza kama nakoroma. Hilo ndilo swali pekee la siri aliloniuliza.

Sasa watoe hao wawili wako shambani, uwapangishie vyumba viwili katika ploti ya mtaa wa Manyatta hapa Kisumu, uone watahitaji nini. Mwanamume asiyeonekana mchana, asiyepika, ambaye dirisha lake limezibwa kwa blanketi, hatamaliza miezi miwili bila majirani kusema. Wala hawatamwita kwa jina ulilompa wewe. Watasema ni mumiani, au wenye umri wangu watawakumbuka wazimamoto, ambao tangu enzi za mkoloni ilivumishwa kwamba huwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Katika kazi yangu nimekutana na jamaa waliokataa kumchangia ndugu yao damu kwa hofu ya namna hiyo hiyo. Mwanamke naye anayerudi alfajiri akiwa na matope miguuni ataitwa jajuok, yaani mchawi anayekimbia usiku, na kila jiwe litakaloanguka usiku juu ya bati la mtu litahesabiwa kuwa lake. Lakini wakiwa mume na mke, majirani watasema bwana ni mtu wa zamu na bibi hutoka kumpokea, kisha watarudi kwenye shida zao wenyewe. Hiyo ndiyo mahari halisi katika ndoa yao: kila mmoja anampa mwenzake maelezo.

Waende kwa msajili kama watu wengine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa ya kiserikali itanguliwe na ilani ya siku 21, na mashahidi wawili wawepo. Na Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inawaruhusu wachumba kuandikiana mapatano ya mali kabla ya kuoana, kwa hiyo mkataba uliowaandikia katika hadithi yako una mahali pa kusimama. Usihofu kwamba ofisi hufunguliwa mchana. Yule bwana wa Stoker huonekana London mchana, ila nguvu zake zimepungua. Kifo cha kuunguzwa na jua kililetwa na filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922. Mruhusu bwana arusi wako ajikokote siku moja tu chini ya mwavuli, akitetemeka kama mgonjwa wa malaria, kisha siku nyingine zote mchana umlaze kama gogo. Tutaona jinsi alivyomhitaji mke.

Nije kwenye mwezi. Sheria ya kugeuka kila mwezi mpevu nayo ilikazwa na sinema. Peter Stumpp, aliyeuawa karibu na Köln mwaka 1589 kwa shtaka la kuwa mtu-mbwamwitu, alisema chini ya mateso kwamba shetani alimpa mshipi wa kuvaa. Wewe achana na mshipi, shikilia mwezi, kwa sababu mwezi una faida ambayo hukuiona. Umeandika kwamba usiku wa mwezi mpevu mume humfungia mkewe chumbani kwa kufuli kabla hajageuka. Hawezi. Usiku huo mwezi na jua huwa zimekabiliana, dunia ikiwa katikati, kwa hiyo mwezi huchomoza jua linapotua na hutua jua linapochomoza. Hapa Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta, na usiku wetu una saa kumi na mbili mwaka mzima. Jua hutua yapata saa kumi na mbili unusu, na likichelewa sana ni saa moja kasoro dakika chache. Dakika ile ile ambayo mume anafumbua macho ndiyo ambayo mke anaota manyoya. Nani atafunga mlango?

Niliwaza jambo hili siku tatu, hata baba yako akaniuliza kama nina deni. Jibu langu ni kwamba mke ajifungie mwenyewe saa kumi na moja, angali na vidole vya kushikia komeo, kisha ausukume ufunguo chini ya mlango, upande wa pili ambako mumewe amelala hajitambui. Alfajiri mume ausukume ufunguo urudi ndani, akimbilie gizani kabla jua halijamkuta, na mke aamke sakafuni akiwa mtu, auone ufunguo kando ya mkono wake. Siku hiyo nzima hawajaonana, na kila mmoja amemtegemea mwenzake kwa maisha yake.

Halafu, kwa kuwa umesema anageuka usiku tatu mfululizo, usizifanye usiku hizo zifanane. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa kama dakika 50 kila siku. Usiku wa kwanza, mkesha wa mwezi mpevu, mwezi hutangulia kuchomoza jua likiwa bado juu, lakini pia hutangulia kutua kabla ya mapambazuko. Usiku wa pili ni huo niliokueleza. Usiku wa tatu mwezi huchelewa, kwa hiyo baada ya jua kutua wanabaki na kama dakika 50 ambazo mume ameshaamka na mke bado ni mtu. Zishike dakika hizo, nitazirudia.

Kwanza nisahihishe jambo moja dogo la kazi yangu. Katika sura ya tatu mume anamnyonya mlinzi wa ploti lita mbili za damu, na mlinzi anakwenda nyumbani kwa miguu akilalamika kizunguzungu. Mtu mzima ana damu ya kama lita 5. Anayechangia damu hutolewa mililita 450, kisha mwanamume hungoja miezi mitatu na mwanamke miezi minne. Akipoteza lita mbili kwa mkupuo, mama, haendi nyumbani, anapelekwa. Punguza.

Ila hilo la damu ya mke kuwa sumu kwa mume liache, tena ulipe uzito. Nimeona damu isiyolingana ikiingia mwilini: mgonjwa anaanza kwa baridi, analalamika mgongo, mkojo unageuka rangi, na ukichelewa figo zinakwenda. Ndiyo maana hatukumwekea mgonjwa damu mtu akiwa peke yake. Tulisimama wawili kando ya kitanda, mmoja ameshika mfuko na mwenzake faili, tukasomeana kwa sauti jina, namba, kundi la damu na tarehe ya mwisho, na stima ikipotea tulisoma kwa tochi. Muuguzi niliyekuwa nikisoma naye usiku mwingi hatukuwa marafiki. Hatukutembeleana, na nadhani hakupenda namna ninavyoongea. Lakini kwa miaka tisa sikuwahi kuitilia shaka sauti yake aliposema namba. Nikisoma ndoa ya wahusika wako, naona hiyo ndiyo hali unayoitafuta ambayo hujaipatia jina, nami sikushauri uitafutie.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Umependekeza kwamba katika sura ya mwisho mume apige magoti katika ufuo wa Dunga, amwambie mkewe kwamba mkataba umekwisha na sasa anampenda. Sikuipenda sura hiyo, wala baba yako, ambaye aliniomba nimsomee kisha akauliza kwa nini mtu apige magoti mahali penye viboko. Wamekaa pamoja kurasa mia mbili wakipitishiana ufunguo chini ya mlango. Maneno yale yanawashusha. Mimi nilipokuwa zamu ya usiku na baba yako akifanya kazi ya mchana, tulikuwa na nusu saa asubuhi, naye alikuwa akiniwekea maji ya moto katika beseni la bluu nitie miguu, akaondoka bila kusema kitu kwa sababu alikuwa amechelewa. Kuna asubuhi aliyoondoka na viatu visivyolingana. Sikumwambia hadi jioni.

Kwa hiyo ningeipanga hivi. Katika mwezi wa kwanza wa ndoa yao, usiku wote watatu, ufunguo upite chini ya mlango, hata usiku wa tatu ambao hapakuwa na haja, kwa sababu mke hataki mume awe karibu akigeuka. Katika mwezi wa mwisho, alfajiri ya usiku wa kwanza, mwezi ukiwa umetua na jua bado, mume afungue mlango mwenyewe, amkute mkewe amerudi kuwa mtu na kucha zimevunjika, ampe chai ya maziwa kutoka kwenye thamosi, wakae sakafuni hadi ukungu wa ziwani uanze kuonekana dirishani na mke amwambie mumewe nenda. Usiku wa pili upite kama kawaida yake. Usiku wa tatu, katika zile dakika 50, mke asimame ndani ya kizingiti mwezi haujachomoza bado, na badala ya kujifungia kwa komeo ampe mumewe ufunguo mkononi, mume afunge kwa nje, mke amsikie akivuta kigoda na kuketi.

Usiongeze sentensi baada ya hapo.

Kurasa zako nimempa binamu yako anayekuja Nakuru wiki ijayo, pamoja na omena kilo mbili waliokaushwa vizuri. Waanike tena ukiwapokea, kwa maana mvua imetuandama huku. Baba yako anauliza kama mtu-mbwamwitu anaweza kula omena au ni lazima nyama. Mjibu, maana ananiuliza mimi kila jioni.

Ni mimi,
Mama yako