Usiku Ule Ufunguo wa Stoo Haukuwepo

Basi lilipinduka saa nane usiku, kilomita chache kutoka hospitali ya wilaya niliyokuwa nikifanya kazi. Zamuni tulikuwa wauguzi wawili na daktari mmoja. Majeruhi wa kwanza walishushwa kwenye pikapu ya msamaria mwema, wengine wakaja kwa bodaboda. Ndani ya nusu saa walishafika 23, na glovu za wodini zilikuwa zimekwisha. Vifaa vya dharura vilikuwepo stoo, vimejaa, hatua kumi kutoka nilipopiga magoti. Mlango una kufuli. Ufunguo alikuwa nao mtunza stoo, naye yuko msibani wilaya ya jirani, simu haipatikani.

Mwenzangu akachukua nondo, akavunja kufuli. Tukapata dripu, kanula na bandeji, tukafanya kazi mpaka kukakucha. Asubuhi kwenye ripoti hakuna aliyetuuliza tumeamkaje. Mwenzangu alipewa saa 24 aandike barua ya kujieleza kwa nini ameharibu mali ya umma.

Aliiandika. Nilimwona ameegemea kitanda cha kupimia wagonjwa, damu za watu zimemkaukia kwenye mkono wa gauni. Haikupita miezi mitatu akaacha kazi. Watu wakasema ni mshahara. Mshahara ulikuwa mdogo tangu siku ya kwanza, na alikaa nao miaka sita.

Nina miaka 19 kwenye uuguzi sasa, na nimeona wengi wakiondoka. Wachache sana waliondoka kwa sababu ya wingi wa wagonjwa. Wengi walichoka kuachwa peke yao siku ya shida, halafu kulaumiwa kesho yake. Ndiyo maana nikisikia viongozi wanapanga maandalizi ya maafa kwenye kikao kimoja, na suala la watumishi kuacha kazi kwenye kikao kingine, naona wanazungumza jambo lilelile mara mbili.

Kumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Baada ya siku ile nilichukua kalamu nikapiga hesabu tuliyofundishwa chuoni. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua asilimia 40 ya mwili anakadiriwa kuhitaji kama lita 9.6 za dripu kwa saa 24, na nusu yake iingie ndani ya saa nane za mwanzo tangu alipoungua. Hiyo nusu peke yake ni karibu chupa kumi za nusu lita, kwa mtu mmoja. Wakija ishirini, ni chupa 200 kabla zamu haijabadilishwa. Nenda kazini kwako kesho uulize: chupa ziko ngapi, na nani ana ufunguo?

Nilipohamia hospitali nyingine nilimkuta matroni wa namna yake. Kila Alhamisi, baada ya makabidhiano ya zamu, tulifanya zoezi la robo saa. Leo wewe unapokea mlangoni na kufunga vitambaa: nyekundu anayetakiwa kuhudumiwa sasa hivi, njano anayeweza kusubiri kidogo, kijani anayetembea, nyeusi aliyekwisha kufariki. Wiki ijayo mwingine. Ufunguo wa akiba ulikaa ukutani, kwenye kiboksi chenye kioo, na ruhusa ya kukivunja alitupa sote, hadi mhudumu wa usafi.

Lakini kilichonigusa zaidi ni daftari lake. Aliandika humo nani ana mtoto mchanga, nani analea mama mgonjwa, nani anakaa mbali na usiku hapati usafiri. Muuguzi akiitwa usiku wa manane, swali la kwanza kichwani mwake ni mtoto nimwachie nani. Matroni alilijibu kabla halijaulizwa. Na kila baada ya usiku mzito alituketisha, chai mezani, akauliza: "Nini kimekuumiza? Nini kilikosekana?" Kilichokosekana alikifuatilia, kisha akaturudishia majibu.

Kama unaongoza wodi, anza na hayo. Mengi hayahitaji bajeti.

Na wewe sista, au kaka, unayeandika barua ya kuacha kazi: kwanza tafuta ni usiku gani uliamua. Ukishaupata, umpelekee kiongozi wako jambo lenyewe kwa maandishi, ukiwa na mwenzako mmoja au wawili. Mpe muda. Asipobadilisha kitu, ondoka, na usijione umewasaliti wagonjwa.

Mwaka jana nilimpigia simu yule mwenzangu wa zamani. Nikamsimulia kile kiboksi cha ukutani. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Na anayevunja kioo, haandiki barua?"

"Haandiki."

"Basi vizuri," akasema, na nikasikia anavuta pumzi.