Ndoo moja ya lita 20 inatosha: kuosha gari nyumbani wakati wa mgao wa maji

Mgao ukitangazwa, maji ya kunywa, kupikia na kuogea ndiyo yanayotangulia, gari baadaye. Dar es Salaam ilipoingia kwenye mgao Oktoba 2022, baada ya maji ya Mto Ruvu kupungua, magari mengi yalikaa na vumbi kwa wiki nzima. Vumbi pekee halina haraka. Kinachoharibu gari hapa pwani ni chumvi ya baharini inayojificha kwenye vyuma vya chini, na kinyesi cha kunguru, ambacho kikipigwa na jua siku mbili tatu kinakula vanishi inayolinda rangi. Kwa hiyo gari lioshwe, ila kwa kipimo.

Mpira wa maji unatoa kama lita 10 hadi 15 kwa dakika. Dakika kumi tu ni lita 100 hadi 150, na nyingi zinaishia chini bila kugusa uchafu. Gari dogo la ukubwa wa IST linahitaji lita 20. Noah au RAV4, weka 30.

Jambo la kushika ni hili: maji mengi yatumike kabla kitambaa hakijagusa bodi. Michirizi ile ya duara unayoiona juani kwenye gari jeusi hailetwi na uhaba wa maji. Inaletwa na mchanga unaosuguliwa juu ya rangi. Ndiyo maana tabia ya kupangusa gari kila asubuhi kwa kitambaa kikavu ni mbaya kuliko kuliacha na vumbi lake. Ukikosa maji ya kutosha, safisha vioo, taa na namba za gari kwa kitambaa chenye unyevu, bodi iache.

Gawanya lita 20 hivi: 8 za kulowesha, 5 za sabuni, 7 za kusuuza. Kwa kulowesha, tumia bomba dogo la mkono la kunyunyizia, la lita 2 au 5, linalopatikana maduka ya pembejeo za kilimo. Liwe jipya, lililowahi kubeba dawa ya magugu lisikaribie gari. Kama huna, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko matundu sita kwa pini iliyopashwa moto, kisha minya. Anza juu ya paa ushuke, subiri dakika mbili tatu tope lilainike, halafu nyunyiza tena sehemu zile zile ili literemke lenyewe. Usisubiri hadi likauke.

Fanya kazi hii kivulini, kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Weka kiganja juu ya boneti. Kama huwezi kukituliza pale, bodi bado ina moto na sabuni itakaukia juu yake.

Kwenye lita 5 za sabuni, kijiko kimoja cha chai cha shampuu ya gari kinatosha, isipokuwa chupa yenyewe inaelekeza vingine. Watu wengi wanakosea hapa: wanataka povu jingi, kisha povu linawamalizia maji ya kusuuza. Sabuni ya unga usiitumie, ni kali na huondoa nta kwenye rangi, na chembe zake zisizoyeyuka zinakwaruza. Dodoki pia liache bafuni.

Andaa vitambaa vinne vya maikrofaiba. Kunja kitambaa mara mbili upate pande nane ndogo safi. Osha sehemu moja kwa upande mmoja, kwa mistari iliyonyooka, kisha geuza. Paa, vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango. Nusu ya chini na bampa mwisho, maana mchanga mwingi uko huko. Kitambaa kikianguka chini, kiweke kando, kisirudi kwenye rangi. Kila ukimaliza upande mmoja wa gari, suuza kwa bomba lile la kunyunyizia na ukaushe papo hapo.

Kinyesi na utomvu wa mwembe havisuguliwi. Lazia kitambaa kilicholowa kwa dakika tano, kisha nyanyua taratibu.

Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi. Tumia hayo kwa magurudumu ikibidi, lakini yasiwe maji ya mwisho kwenye bodi, kwa sababu yakikauka yanaacha madoa meupe. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi wala chokaa, na kwa joto letu hili lenye unyevu utakinga lita kadhaa kwa usiku mmoja. Hayo ndiyo mazuri kuliko yote kwa kusuuzia vioo na gari la rangi nyeusi. Maji ya mvua nayo ni laini.

Sabuni iliyobaki ndiyo ya rimu na chini ya madigadi, kwa kitambaa kikuukuu cha kazi hiyo tu. Tope lililoganda upande wa ndani wa rimu litoe kwa kijiti. Likibaki upande mmoja, gurudumu linapoteza mizani na usukani unatetemeka ukikimbia. Pitia pia matundu madogo chini ya milango. Yakiziba kwa tope, maji yanakaa ndani na mlango unaanza kuoza kwa chini. Tairi usizipake dizeli zing'ae, maana dizeli inalegeza mpira.

Maji machafu yamwage kwenye kokoto, mbali na bustani ya mchicha, kwani yana mafuta na vumbi la breki. Kisha endesha gari taratibu mita mia moja hivi ukikanyaga breki mara tatu nne ili diski zikauke, ndipo ulipaki.