Masultani wa Konya ni Uzao wa Nani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi na mke wangu tunafuatilia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Yeye anashikilia kwamba masultani wa Konya, mji ulioko Uturuki ya leo, ni uzao wa Alp Arslan. Mimi nasema Waseljuki ndio mababu wa Waosmani waliotawala Uturuki baadaye. Tuamulie. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Nyote mmekosa, ila mkeo kaikaribia kweli kuliko wewe.

Waseljuki, wakiwamo masultani wa Konya, wameitwa kwa jina la babu yao Seljuk. Seljuk, mwana wa Dukak, alikuwa wa jamaa ya Kinik katika Waturuki wa Oghuz. Mwishoni mwa karne ya 10 alihamia Jand, karibu na mto Syr Darya, na huko akasilimu. Miongoni mwa wanawe, wakumbuke Mikail na Israil. Mikail alikufa vitani mapema. Wanawe, Tughril na Chaghri, wakalelewa na babu yao. Israil, ambaye vitabu vingi humwita Arslan (usimchanganye na Alp Arslan, wanafunzi wangu walikuwa wakiwachanganya kila mtihani), ndiye aliyeshika ukubwa wa nyumba. Lakini mwaka 1025 sultani Mahmud wa Ghazna alimkamata, akamfunga katika ngome ya Kalinjar, India, na huko huko akafia.

Ukubwa ukaangukia kwa watoto wa Mikail. Mwaka 1040 waliwavunja Waghazna, dola iliyoachwa na Mahmud, pale Dandanaqan, na mwaka 1055 Tughril akaingia Baghdad. Alipofariki mwaka 1063 bila mtoto, Kutalmish, mwana wa yule mfungwa, akaona sasa zamu imerudi kwao. Alp Arslan, mwana wa Chaghri, hakuona hivyo. Wakapigana, jeshi la Kutalmish likashindwa, naye akakutwa amekufa.

Tamthilia hupenda kukimbilia mwaka 1071, Alp Arslan alipomteka kaisari Romanos wa Bizanti huko Manzikert. Mimi kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. Aliyekuja kuweka usultani Anatolia (sehemu kubwa ya Uturuki ya leo) ni Suleiman, mwana wa Kutalmish! Alianza na mji wa Nikea. Konya ikawa makao baadaye, wapiganaji wa msalaba walipoinyakua Nikea mwaka 1097. Basi masultani wa Konya ni uzao wa Israil. Alp Arslan kwao ni ndugu wa ukoo, tena ndugu aliyemshinda baba wa mwasisi wao.

Uzao wa Alp Arslan ulitawala Uajemi na Iraki kupitia mwanawe Malik Shah, ukaishia kwa Tughril III, aliyeuawa vitani karibu na Rey mwaka 1194. Wale wa Konya waliendelea zaidi ya miaka mia moja baada yake, ingawa tangu walipopigwa na Wamongolia huko Köse Dağ mwaka 1243 usultani wao ulikuwa wa jina tu.

Ama wewe na Waosmani wako: wao wenyewe walijinasibu na jamaa ya Kayi. Kayi na Kinik zote ni za Oghuz, na undugu wao unaishia hapo.