Maswali ya Wasomaji: Bibi Anasema Hana Historia

SWALI: Ndugu Mhariri, bibi yetu mzaa baba amepita umri wa miaka 80 na tunaishi naye Ngamiani, Tanga. Baba yake alitoka Kigoma akaja kuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, katika shamba la mkonge upande wa Muheza, na bibi alizaliwa na kukulia kambini huko. Tunataka kurekodi kumbukumbu zake, lakini kila tukimwomba atusimulie historia ya ukoo hujibu kwamba hana historia, yeye alikuwa mke wa mkata mkonge tu. Miaka anaichanganya. Shangazi naye hapendi mambo ya nyumbani yawekwe kwenye simu. Tufanyeje?
Mjukuu, Ngamiani.

JIBU: Ndugu Mjukuu, mzee anayeombwa historia ya ukoo huona kama anatakiwa kutoa hotuba, na wengi hujitoa mapema. Mwulizeni kazi na mahali. Siku ya kambini ilianza saa ngapi? Mumewe alitakiwa kukata na kufunga mafungu mangapi ili siku yake iandikwe kwenye kipande, yaani kadi yake ya kazi, na ujira ulisubiriwaje mpaka zitimie siku 30 za kazi? Kelele za korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, zilifika mpaka nyumbani? Maji machafu yaliyotoka humo yalielekea wapi? Maswali ya namna hii yana majibu ambayo bibi peke yake anayo, na akishaanza kujibu, majina ya watu yatakuja yenyewe: jirani aliyemzalisha, msimamizi aliyeogopwa, mtoto aliyezikwa huko kambini ambaye pengine hamjawahi kumsikia.

Safari ya baba yake itengeeni kikao chake. Reli ya Kati na reli ya Tanga ziliunganishwa mwaka 1963, kwa hiyo mtu aliyetoka Kigoma kabla ya hapo alilazimika kuiacha treni mahali fulani na kuendelea kwa njia nyingine. Alishukia wapi? Alipanda lori? Alifuatana na nani, na kwa nini hakurudi kwao? Haya bibi aliyasikia tu, hivyo andikeni wazi yapi aliyaona kwa macho yake na yapi alisimuliwa. Kama anakumbuka wimbo wa Kiha aliobembelezewa na wazazi wake, rekodini hata kama hakuna kati yenu anayeuelewa. Mtafsiri atapatikana baadaye.

Kuhusu miaka, msimwulize tarehe. Mwulizeni kama jambo lilitokea kabla ya Uhuru wa 1961 au baada yake, kabla ya Azimio la Arusha la 1967, ambalo lilifuatwa na kutaifishwa kwa mashamba mengi ya mkonge, au wakati wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na baba yenu alikuwa na umri gani wakati huo. Akikosea, mwacheni aendelee, kwa sababu mzee anayesahihishwa mara mbili hunyamaza mara ya tatu. Akinyamaza kutafuta neno, nanyi nyamazeni.

Chagueni saa anayokuwa na nguvu, na nusu saa inatosha. Zimeni feni na redio, wekeni simu karibu naye juu ya kanga iliyokunjwa, katika hali ya ndege, kisha aanze mmoja wenu kwa kutaja tarehe, mahali na majina ya waliopo.

Shangazi yenu ana hoja, nami nasimama upande wake. Maneno ni mali ya bibi. Mwombeni ridhaa kila kikao, mwelezeni nani atasikiliza, na akisema jambo fulani lisitoke, lifuteni mbele yake. Mambo ya ndoa, ya urithi na ya mashamba yanaweza kuwagombanisha watu walio hai. Mwalikeni shangazi aketi nanyi. Huenda yeye ndiye atakayeuliza maswali mazuri kuliko yenu.

SWALI: Nimemrekodi babu kwa video na kuituma kwa kaka yangu Dar es Salaam kwa WhatsApp. Je, imehifadhika?
Msomaji, Pangani.

JIBU: Bado. Video inayotumwa hivyo hubanwa na kupoteza ubora, kwa hiyo itume kama dokumenti, na nakala ya asili usiifute. Weka nakala tatu: moja kwako, moja kwenye flashi au diski kwa ndugu wa mji mwingine, na moja katika hifadhi ya intaneti. Sauti peke yake haili nafasi kubwa. Saa moja ya MP3 ya ubora wa kawaida ni takriban megabaiti 60. Lipe kila faili jina lenye tarehe, mahali na msimulizi. Kisha andika maneno yote kwenye daftari kama yalivyosemwa, na majina usiyoyajua uwasomee wazee wengine wa Pangani wangali wanaweza kukueleza yalikuwa ya nani.