Mwulize Mwalimu: Ni Stanley yupi huyo?

Kwenye furushi la barua za mwezi huu jina moja limejirudia, kutoka Nakuru hadi Brussels. Nimeona nizijibu kwa pamoja. Nimefundisha historia Kigoma kwa muda mrefu, na jina hili kwetu si geni: Ujiji, Stanley alikomkuta Livingstone, iko jirani tu.

*Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ametumiwa na shangazi yake aliyeko Marekani kikombe kikubwa cha Stanley, kile cha chuma chenye mkono na mrija. Kaka yangu alipokiona akasema hiyo ni kampuni ya yule Mzungu aliyekwenda kumtafuta Livingstone, na kwamba hoteli ya Stanley ya Nairobi na benki ya Morgan Stanley ni za watoto wake. Nilimbishia, ila sikuwa na hoja. Nisaidie. — Mama wa binti, Nakuru*

Marahaba, mama. Kaka yako amepatia hoteli, tena nusu tu.

Hoteli ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1902 na mwanamke, Mayence Bent, wakati Nairobi ni mji wa mabati uliokuwa umeota kandokando ya reli. Aliipa jina la msafiri Henry Morton Stanley kwa kuwa lilijulikana kila mahali. Stanley mwenyewe hakuijenga wala hakulala humo. Safari yake ya mwisho huku kwetu iliishia Bagamoyo Desemba 1889, na reli ilifika Nairobi mwaka 1899, miaka kumi baadaye. Mtoto wa kumzaa hakuwa naye; yeye na mkewe, Dorothy Tennant, walimlea mtoto mmoja, Denzil. Kwa hiyo hakuna watoto wa Stanley wanaomiliki hoteli wala benki. Na ukiitafuta hoteli hiyo mtandaoni, angalia usiletewe ile ya Estes Park, jimbo la Colorado. Hiyo ilifunguliwa mwaka 1909 na Freelan Stanley, Mmarekani aliyetajirika kwa magari ya mvuke aliyoyatengeneza pamoja na pacha wake, Francis. Naye hana undugu na msafiri wetu.

Sasa kikombe. Jina lililoandikwa pale ni la William Stanley, mhandisi wa umeme aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1858. Enzi zake chupa ya chai ilikuwa na kioo ndani, ikianguka imekwisha. Mwaka 1913 akabuni chupa ya chuma tupu yenye kuta mbili, na katikati ya kuta hizo hewa imeondolewa. Joto halipati cha kulibeba kuvuka hapo, ndiyo maana uji wa alfajiri unabaki wa moto hadi mchana. Vikombe vya mkono na mrija ni vya juzijuzi, lakini jina ni lile.

Mimi ningependa binti yako amjue kwa jambo jingine. Mwaka 1886, katika mji mdogo wa Great Barrington, Massachusetts, William Stanley aliwasha taa za maduka ya barabara kuu kwa transfoma alizozitengeneza mwenyewe. Umeme unapandishwa msukumo (volti) ili usafiri mbali bila kupotea sana njiani, kisha unashushwa unapokaribia nyumba. Lile dude la chuma linalovuma juu ya nguzo mtaani kwenu linafanya kazi hiyohiyo. Mwambie binti: aliyebuni kikombe chake ana sehemu kubwa katika taa anayosomea.

Na benki? Hapo kuna undugu wa kweli, ila si ule anaoudhani kaka yako. Mwaka 1933 sheria ya Marekani ilitenganisha benki za kuweka akiba za watu na biashara ya kuuza hisa na dhamana. Baadhi ya watu wa benki ya J.P. Morgan wakatoka, na mwaka 1935 wakaanzisha kampuni yao. Wawili kati yao ndio walioipa jina: Henry Morgan na Harold Stanley. Harold ni mtoto wa William, yule wa chupa na transfoma. Baba na mwana, basi, lakini mali mbalimbali. Mpelekee kaka yako hilo, atafurahi kwamba palikuwa na ukoo mahali fulani.

*Mwalimu, mimi ni fundi seremala. Randa niliyoachiwa na marehemu baba imechongwa jina STANLEY. Hii nayo ni ya kampuni ya vikombe? — Fundi, Mbeya*

Hapana, fundi. Yako ni ya New Britain, Connecticut. Frederick Stanley alifungua huko karakana ya makomeo na bawaba mwaka 1843, miaka kumi na mitano kabla William hajazaliwa. Binamu zake wakaanzisha kampuni ya rula na pimamaji mwaka 1857, na mwaka 1920 hizo mbili zikaungana. Tangu 2010 inaitwa Stanley Black & Decker.

Kuhusu randa yenyewe, pana mtu ambaye jina lake linastahili kutajwa kwako kuliko la Stanley: Leonard Bailey. Huyo ndiye aliyebuni namna ya kurekebisha bapa kwa skrubu, ile unayoizungusha kwa kidole bila kugonga na nyundo. Kampuni ya Stanley ilinunua haki za ubunifu wake mwaka 1869. Itunze randa ya mzee. Chuma cha zamani kile, ukikinoa vizuri, kinafanya kazi miaka mingi.

*Jambo Mwalimu. Mimi ni mtoto wa Kisangani, Kongo, sasa niko Brussels. Baba yangu mpaka leo anasema Stanleyville. Kwenye ramani nimekuta Stanley ni mji mkuu wa visiwa vya Falkland, halafu kuna Stanley ya Hong Kong na Stanley ya Tasmania. Huyu mtu alifika kote huko? — Msomaji, Brussels*

Ndugu yangu, swali lako ndilo lililonifanya niandike ukurasa mzima.

Hakufika kote huko kwa jina, na tarehe zinatosha kuthibitisha. Miji yote mitatu uliyoitaja imepewa jina la Edward Stanley, bwana wa ukoo tajiri wa Lancashire, aliyekuwa waziri wa makoloni wa Uingereza kuanzia 1841 hadi 1845 na baadaye akawa waziri mkuu mara tatu. Maofisa waliokuwa wakianzisha vituo ng'ambo walimpa bosi wao heshima. Ule wa Falkland ulianza kujengwa mwaka 1843. Wakati huo mtu wetu alikuwa mtoto wa miaka miwili huko Denbigh, Wales, na jina lake lilikuwa John Rowlands.

Ndiyo, John Rowlands. Alilelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, akapanda meli kwenda New Orleans akiwa kijana, na ni huko alikojipa jina Stanley. Mwenyewe alisimulia kwamba mfanyabiashara mmoja wa jina hilo alimchukua kama mwanawe. Wanahistoria waliochunguza hawaridhiki na maelezo hayo. Kwa hiyo kati ya akina Stanley wote wa ukurasa huu, yule aliyebandikwa kwenye ramani yetu ndiye peke yake ambaye hakuzaliwa na jina hilo.

Bwana Edward naye tusimwache hivihivi. Mwaka 1833, akiwa waziri wa makoloni kwa mara ya kwanza, ndiye aliyepeleka bungeni muswada wa kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza. Sheria ikapita, na wamiliki wakalipwa fidia ya pauni milioni 20. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu. Kwetu Pwani haikugusa. Zanzibar ilingoja hadi 1897 ndipo sheria ikaacha kuutambua utumwa.

Sasa turudi Kisangani. Henry Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 akiwa na mamia ya watu, wengi wao Wangwana wa Zanzibar, na mashua yake ikibebwa vipandevipande mabegani. Walizunguka ziwa Victoria, wakazunguka Tanganyika, wakakutana na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyewasindikiza kwa muda kisha akageuka. Januari 1877 wakafika kwenye maporomoko saba ambayo watu wa hapo wanayaita Boyoma, Wagenia wakivua samaki humo kwa mitego mikubwa ya kikapu. Stanley akayaita kwa jina lake. Agosti mwaka huohuo wakatokea Boma, karibu na Atlantiki. Wazungu watatu aliotoka nao wote walikuwa wamekufa, na Waafrika wengi pia.

Miongoni mwa waliokufa yupo mmoja ambaye nilikuwa sikosi kumtaja darasani. Aliitwa Ndugu Mhali. Alikuwa mtoto mtumwa, na mwaka 1871 mfanyabiashara Mwarabu wa Tabora alimtoa zawadi kwa Stanley. Akabadilishwa jina, akawa Kalulu. Akapelekwa Ulaya na Marekani, akasoma shule London, akahudhuria mazishi ya Livingstone mwaka 1874. Machi 1877 mtumbwi wake ulivutwa na maji ya Kongo, akazama. Stanley alimlilia, na maporomoko yale akayaita Kalulu. Mtoto yule akapewa mahali kwenye mto, lakini kwa jina alilobandikwa na wengine. Jina lake la kuzaliwa halimo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuishika, na hilo linaniuma.

Stanley alirudi Kongo mwaka 1879, safari hii akiwa mtu wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Alijenga barabara na vituo, na watu wake wakakusanya mikataba ya machifu. Kituo cha kwenye maporomoko kiliwekwa Desemba 1883, na kutoka hapo ukakua mji ambao baba yako anauita Stanleyville. Tippu Tip akafanywa wali wa hapo mwaka 1887. Yaliyofuata chini ya Leopold, watu kulazimishwa kazi na kuuawa kwa ajili ya mpira na pembe, unayajua, na Brussels unapita kila siku mbele ya majengo yaliyojengwa wakati wa utajiri ule. Mwaka 1966 mji ukapewa jina Kisangani. Mwaka 1972 lile bwawa la mto karibu na Kinshasa, Stanley Pool, likawa Malebo.

Usimlaumu mzee. Stanleyville ni mji aliokulia, ndiko Patrice Lumumba alikofanya kazi posta, na kumbukumbu za mtu hazifuati amri ya serikali. Lakini wewe watoto wako wafundishe Boyoma kwanza. Hilo ndilo jina la wale waliokuwa wakivua pale kabla ya mashua yoyote kutoka Bagamoyo. Stanley alikufa London mwaka 1904, na kwenye jiwe la kaburi lake huko Pirbright limechongwa pia jina alilopewa Kongo, Bula Matari, yaani mvunja mawe. Hata yeye alijua kwamba huku aliitwa vingine.

*Mwalimu, Kombe la Stanley na timu ya Accrington Stanley vina uhusiano gani? — Mwanafunzi, Mwanza*

Hakuna uhusiano. Kombe ni la mpira wa magongo wa barafuni. Lilitolewa mwaka 1892 na Frederick Stanley, gavana mkuu wa Kanada, mtoto wa yule Bwana Edward niliyemweleza hapo juu. Hata Stanley Park ya Vancouver ni jina lake. Timu ya kwanza kulipata, mwaka 1893, ilikuwa ya Montreal.

Accrington Stanley wao, klabu ya soka ya Uingereza, waliitwa kwa mtaa wao, Stanley Street, mwishoni mwa karne ya 19. Walijitoa kwenye Ligi ya Uingereza mwaka 1962 kwa madeni, wakavunjika 1966. Klabu ya sasa iliundwa 1968 na ikarudi kwenye ligi 2006. Na kama unaandika insha, angalia hapa: kati ya klabu 12 zilizoanzisha ligi ile mwaka 1888 ilikuwamo Accrington, lakini si Stanley. Hiyo ilikuwa klabu nyingine ya mji huohuo, nayo ilikufa mwaka 1896.